Benki inanikopesha bajaji ya petroli, ya umeme inataka hati ya nyumba. Nani kapata mtaji kwa njia nyingine?

#1 KijanaWaKorogwe
Habari wakuu.
Naendesha Toyota IST ya mtu kwenye apu za teksi, mwaka wa nne sasa, hesabu napeleka kila wiki. Nimejibana mpaka nimefikisha milioni saba. Wazo langu ni bajaji tatu za umeme, kijiwe kiwe Kimara, zipige ruti za ndani huko Matosa na Golani ambako daladala hazifiki. Zikisimama vizuri naongeza magari madogo ya umeme, teksi kamili.
Nikaenda benki. Dada wa mikopo alinipokea vizuri, hadi maji alinipa. Nikimwambia bajaji ya petroli, anasema lete asilimia thelathini, inayobaki tunaweka sisi, kadi ya chombo itakaa kwetu. Nikimwambia ya umeme, akaingia ndani kwa bosi wake, akarudi na jibu: hiyo mpaka hati ya nyumba. Ningekuwa na nyumba ningepanga chumba hapa Kimara Korogwe?
Nina maswali mawili. Kwa nini? Matairi ni yale yale matatu. Na hizi fedha za tabianchi tunazosikia redioni kila siku, mabilioni kwa mabilioni, dirisha lake liko wapi?

#2 Mpitanjia
Nimevuta kiti. Ngoja wenye hela waje.

#3 MikopoZamani
Nimekalia kiti cha huyo dada miaka kumi na moja, kwa hiyo nakujibu nikijua. Ofisa mikopo anaanzia hesabu zake mnadani. Kabla hajasaini anajiuliza: huyu akikwama mwezi wa nne nikakamata chombo, namuuzia nani? Bajaji ya petroli dalali akiifikisha uwanjani Jumamosi asubuhi, saa sita imeshapata mwenyewe, hata kama imebonyea ubavuni. Ya umeme iliyotumika nani anaigusa, na betri hajui imebakiza uhai kiasi gani? Fedha nyingi ya chombo imelala kwenye lile boksi. Ndiyo maana wakakutajia hati. Hakuna aliyekuchukia.

#4 Fundi Betri
Mkuu wa #3 uko sahihi nusu. Betri ya lithiamu ina saketi yake ya kuisimamia. Unachomeka kompyuta, inakusomea imechajiwa mizunguko mingapi na seli ipi imechoka, hata nusu saa haifiki. Kubashiri uhai wa injini iliyonyweshwa oili chafu miaka mitatu ndiyo ramli kamili. Sema benki hawana mtu wa kuchomeka hiyo kompyuta, na sijaona wakimtafuta.

#5 Ngosha wa Bugando
Tusiwasingizie benki. Mwaka 2022 niliziingiza mbili Mwanza, za betri za asidi, zile kama za gari, tano zimepangwa chini ya siti. Muuzaji aliapa mpaka kwa jina la mama yake. Mwezi wa tisa tu, kupanda kwenda hospitali juu kule Bugando, abiria wawili wanashuka kusukuma, wa tatu ndiye mgonjwa, kabaki ndani ameshika mfuko wa vipimo. Katikati ya mlima naye akashuka, akasema bora nitembee.
Niliziuza vyuma chakavu. Mkopo ulikuwa wa SACCOS, nikaumaliza kwa ng'ombe wa baba. Wenzangu wa namna hiyo wako wengi, na wakopeshaji hawasahau.

#6 Mpitanjia
Mgonjwa kasukuma bajaji hahahaha, Mwanza jamani.

#7 Ngosha wa Bugando
Hakusukuma. Alitembea. Soma vizuri.

#8 BabuGomz
Kijana, umeme waachie wenye subira. Fungia gari mtungi wa gesi asilia. Mimi IST yangu niliifunga mwaka 2021 kwa milioni moja na laki nane, hela ya mchezo wa kupeana, sikugusa benki. Gesi kilo ilikuwa 1,550. Agosti 2022 EWURA, wale wanaopanga bei za mafuta, walipotangaza petroli Dar 3,410 kwa lita, wenzangu kijiweni walishika vichwa, mimi nikaagiza chai na chapati mbili. Mtaji wa gesi mtu anaupata kwenye kibubu, huo wa umeme ndio unakupeleka kuomba hati ya nyumba ya mjomba.

#9 DerevaIST
Babu shikamoo. Umeruka foleni. Mimi nina gesi vilevile. Saa kumi alfajiri niko kituoni, mbele yangu gari arobaini, presha ikishuka tunaambiwa tusubiri. Nikitoka pale jua limewaka na vichwa vya asubuhi vimeshabebwa. Na mtungi umekula buti yote. Nimeshaachwa Eapoti na mama mwenye masanduku mawili, kafungua buti, kautazama ule mtungi, kanitazama mimi, kafunga, kaita gari jingine.

#10 BabuGomz
Marahaba. Foleni ilikuwepo kweli, ila vituo vinaongezeka. Pale barabara ya Sam Nujoma TPDC, shirika la petroli la serikali, wamefungua kikubwa mwaka 2025. Na wewe unajazaje alfajiri? Jaza saa nne usiku ukalale.

#11 chalii_wa_Sakina
Bomba la Songo Songo na la Mtwara yote yanaishia kwenu Dar. Sisi wa Arusha tukajaze kwa mdomo? Halafu mleta uzi ametaja umeme na tabianchi. Gesi asilia ni kisukuku kama petroli, moshi wake ni mwepesi zaidi, lakini ni moshi. Ukienda na gesi kwa hao wenye fedha za mazingira watakuuliza maswali mpaka ujute.

#12 BabuGomz
Na huo umeme wenu unatoka mbinguni?

#13 chalii_wa_Sakina
Unatoka Rufiji siku hizi, Babu. Bwawa la Nyerere, megawati 2,115. Zamani ningekukubalia, gridi ilikuwa inaegemea gesi.

#14 Mama Ashura
Mwanangu wa #1, umeshafika kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata yako? Asilimia kumi ya mapato ya ndani ya halmashauri ni ya mikopo: wanawake nne, vijana nne, wenye ulemavu mbili. Haina riba hata senti. Kikundi chetu tulikuwa watano, tukapata bajaji mbili za petroli, marejesho tulimaliza. Andikeni andiko vizuri, taja umeme, watafurahi.

#15 DadaMbezi
Mama Ashura, hiyo si ilifutwa?

#16 Mama Ashura
Ilisimamishwa Aprili 2023 baada ya ripoti ya CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, kuonyesha vikundi hewa na madeni yasiyolipwa. Mwaka 2024 ikarudishwa kwa utaratibu mpya. Kusimamishwa sio kufutwa.

#17 KijanaWaKorogwe
Asante mama. Shida yangu ni hao watu wengine wanne nawatoa wapi. Niliwahi kuwa kwenye kikundi, mwenyekiti aliuza pikipiki ya kikundi akatuambia imeibwa, wiki hiyo hiyo akaezeka nyumba.

#18 Mama Ashura
Chukua wanaokaa jirani na mama yako. Hao hawakimbii.

#19 MchumiWaMabibo
Kuhusu dirisha la fedha za tabianchi: nenda benki ya CRDB. Wamesajiliwa na ule mfuko wa dunia wa tabianchi, GCF, tangu 2019. Wana dola milioni 200 za kukopesha. Na mwaka 2023 waliuza Hatifungani ya Kijani wakakusanya bilioni 171.8. Hela ipo, watu hawaulizi tu.

#20 MikopoZamani
Taratibu hapo. Zile dola milioni 200 ni za kilimo: mbegu, umwagiliaji, teknolojia za mkulima kuhimili ukame. Bajaji haimo. Hatifungani nayo ni deni la benki kwa wawekezaji, wanalipwa riba kila awamu. Unavyoifuata kama mkopaji, unaingia mlango ule ule na kukutana na dada yule yule. Rangi ya kijani haikuondolei dhamana.
Na GCF haimpi mtu mmoja mmoja. Wako Songdo, Korea Kusini, wanapitishia kwa taasisi zilizosajiliwa. Wewe na milioni saba yako hamuonekani kwa macho.

#21 KijanaWaKorogwe
Kwa hiyo nifunge jembe nyuma ya bajaji?

#22 Mpitanjia
Trela kabisa. Nimecheka peke yangu kwenye mwendokasi, watu wananiangalia.

#23 Mnyama Mkali
Mimi naomba kujua jambo moja. Hizi teksi rafiki wa mazingira lazima ziwe za kijani? Maana mimi Simba, Msimbazi damu, sipandi chombo cha rangi ya Yanga hata mvua inyeshe mawe.

#24 JangwaniMwananchi
Utatembea kwa miguu kama mgonjwa wa #5.

#25 NganyaYaRongai
Salamu kutoka Nairobi. Huku hadithi hiyo tumeishi. Mwaka 2018 NopeaRide walileta teksi za stima, Nissan Leaf, nilizipanda mara mbili, kimya hadi unasikia dereva akimeza mate. Wateja walizipenda. Desemba 2022 zikafungwa kwa sababu kampuni mama huko Ufini ilifilisika baada ya kukosa fedha. Abiria walikuwepo, kilichokosekana ni huo mtaji unaoulilia. Sasa kama wazungu wenyewe walikwama, usijilaumu.
Ambacho kimeshika huku ni nduthi za stima, pikipiki. Hununui betri, unaibadilisha stesheni kama mtungi wa gesi. Chombo kinakuwa bei nafuu, na mkopeshaji anakulipisha kila siku kwa simu. Ukilala na deni, asubuhi haiwaki. Hapo mkopeshaji hahitaji shamba la baba yako, yeye ana swichi.

#26 Fundi Betri
Hiyo ya swichi ndiyo pointi ambayo benki zetu hazijaiona. Chombo cha umeme unakizima ukiwa ofisini. Petroli dereva akikimbilia Kahama nayo, kama hukumfungia kifaa cha ziada, utamzima na nini? Kama dhamana ni uwezo wa kukamata, ya umeme ina dhamana bora kuliko petroli.

#27 MikopoZamani
Unaizima, halafu? Imelala Kahama haiwaki, na mnunuzi bado huna. Tumerudi #3.

#28 DerevaIST
Hiyo Leaf usiiguse hata kwa mtaji wa bure. Zile za 2011 mpaka 2015 zinazokuja kutoka Japani betri yake inapozwa na upepo tu. Joto la Dar la Februari na kuchaji haraka kila siku, vile vijibaa vya betri kwenye dashibodi vinaondoka kimoja kimoja kama meno ya mzee.

#29 MtuWaNyabugogo
Niko Kigali, nafanya kazi karakana ya moto, pikipiki mnazoita bodaboda. Hapa kuna jibu jingine kabisa. Serikali ilisema kuanzia Januari 2025 pikipiki mpya ya biashara Kigali inasajiliwa ikiwa ya umeme. Basi. Mkopeshaji hana cha kuchagua, na soko la zilizotumika litajitengeneza lenyewe kwa sababu kila mtu atakuwa nayo. Kwenu umeme unashindana na petroli mlango kwa mlango, lazima benki ichague inayoijua.

#30 Mnyama Mkali
Dar ukitangaza hivyo kesho yake bodaboda wamefunga Ubungo.

#31 Bi Mchangani
Assalaam alaykum. Mimi nipo Unguja. Hamjaligusa suala la riba. Mwanangu, kuna njia ya murabaha. Benki inakinunua chombo wenyewe, wanakuuzia kwa bei ya juu mliyokubaliana tokea mwanzo, unalipa kidogo kidogo, bei haipandi. Benki ya PBZ huku wana dirisha la Ikhlas, huko kwenu kuna benki ya Amana tokea 2011, na benki nyengine zimefungua madirisha. Uzuri wake, benki ndiye mnunuzi wa kwanza, kwa hiyo italazimika kumhoji muuzaji wa hiyo bajaji kabla yako. Yule muuzaji wa Mwanza aliyeapa kwa mama yake asingepita hapo.

#32 MikopoZamani
Bi Mchangani heshima kwako. Ila nao watadai dhamana, kama sisi.

#33 Bi Mchangani
Watadai. Sikusema hawatadai.

#34 KijanaWaKorogwe
Nimekaa nikapiga hesabu, nikosoeni. Bajaji ya petroli pale kijiweni inakunywa kama lita tano na nusu kwa siku. Nikiweka 2,900 kwa lita, ni 15,950. Ya umeme inajaa kwa yuniti nane. Yuniti ni shilingi 100, kwa hiyo 800 tu kwa siku. Jamani, 800! Benki haioni hii?

#35 Fundi Betri
Hiyo 100 ni ya mtumiaji mdogo, asiyevuka yuniti 75 kwa mwezi. Nane mara siku 26 ni 208, bajaji moja tu hiyo. Wiki ya pili ushavuka, watakuhamishia kundi la juu, yuniti kama 356 na kodi ndani. Nane mara 356 ni 2,848. Bado umeokoa kama elfu kumi na tatu kwa siku, laki tatu na arobaini hivi kwa mwezi. Lakini ukipeleka ile 800 benki, ofisa mwenye luku nyumbani kwake anacheka na faili linafungwa hapo hapo.

#36 DadaMbezi
Na mwenye nyumba wako anajua unataka kuchaji bajaji tatu kwenye luku ya kuchangia? Wapangaji wenzako watakutoa roho.

#37 MikopoZamani
Ongeza na betri. Tuseme mpya ni milioni tatu na nusu na inakaa miaka minne. Hiyo ni kama elfu sabini na tatu kila mwezi uiweke pembeni isiguswe. Faili likiwa na mstari huo, hata kama mimi ndiye ninayekukatalia, nitakukatalia kwa heshima. Nimesoma maandiko mengi ya vijana, mstari wa betri haumo. Wanadhani inadumu kama chasisi.

#38 DadaMbezi
Mimi nina moja ya lithiamu, naendeshewa na mdogo wangu, mwaka na miezi miwili, haijasumbua. Nilichosumbuka nacho ni makaratasi. Nilienda kukata bima, fomu inauliza injini cc ngapi. Nikamwambia yule dada haina injini, ina mota. Akasema sawa, mota cc ngapi? Nikamwambia andika sifuri. Akaandika, mfumo ukakataa. Akaita mwenzake, mwenzake akatoka nje kuiangalia bajaji, akainama, akachungulia chini ya siti kama anamtafuta kuku. Mwisho wakaniandikia 200. Ndiyo maana siamini mnada wala swichi. Kompyuta zao hazina kisanduku cha kuitia hii kitu, basi.

#39 Mpitanjia
Bajaji ya betri, cc 200. Hii nchi naipenda.

#40 chalii_wa_Sakina
DadaMbezi, hela uliipata wapi?

#41 DadaMbezi
Niliuza kiwanja cha Kibaha.

#42 DerevaIST
Tatizo ambalo hamlitaji ni mapato. Benki inataka kuona hela inayotabirika. Kwenye apu kamisheni inabadilishwa juu ya kichwa chako. Mwaka 2022 LATRA, wasimamizi wa usafiri, walipoweka ukomo wa kamisheni wa asilimia 15, Uber wakasimama Aprili, wakarudi ukomo ulipopandishwa hadi 25. Miezi ile wenye mikopo ya magari walilala na viatu. Wewe wa bajaji za Matosa utaleta taarifa gani ya mapato, noti za mia tano mfukoni?

#43 KijanaWaKorogwe
Ndiyo maana nataka abiria walipie kwa namba ya lipa. Miezi sita naitoa, naipeleka.

#44 BabuGomz
Abiria wa Golani wa mia tano alipe kwa simu akatwe na makato? Atakupa sarafu na matusi juu.

#45 Mama Ashura
Chochote ufanye, wale wakopeshaji wa kausha damu wapite mbali. Binti wa jirani alichukua laki tano arudishe laki sita na nusu kwa mwezi mmoja. Walimbebea friji na mboga ikiwa ndani.

#46 Mpitanjia
Mboga gani?

#47 Mama Ashura
Kisamvu. Kilikuwa kimeshaungwa nazi.

#48 KijanaWaKorogwe
Mrejesho, wiki ya tatu.
Nilirudi kwa yule dada nikiwa na karatasi yenye 2,848 na mstari wa betri. Alisoma mara mbili, akaniuliza nani kaniandikia. Jibu bado ni hati. Ila alinionyesha kwa kidole: "Hapa pa betri, mkubwa atauliza ushahidi wa miaka minne." Sina.
Kata nimeenda. Nimepata watatu wa kikundi, wote wa mtaa wa mama. Anatafutwa wa tano.
Kwa sasa nimejiunga na SACCOS ya madereva, nimeweka milioni mbili, wanakopesha mpaka mara tatu ya akiba lakini nisubiri miezi mitatu. Kwa iliyobaki nimeweka malipo ya kwanza ya bajaji moja kwa muuzaji, lithiamu, namaliza kwa miezi kumi na minane. Nilimtaka Fundi Betri aje na kompyuta yake, akaja Jumapili, Mungu ambariki.

#49 Fundi Betri
Mizunguko sita tu, hiyo ni ya kiwandani. Seli zote ziko sawa. Ila chaja yake siipendi, inapata moto. Usiifunike na kanga.

#50 Ngosha wa Bugando
Hongera kijana. Muuzaji hakuapa?

#51 KijanaWaKorogwe
Aliapa. Kwa baba yake.

#52 Mnyama Mkali
Ya rangi gani?

#53 KijanaWaKorogwe
Bluu.

#54 JangwaniMwananchi
Azam FC huyu. Uzi mzima tunasaidia mtu wa Chamazi.